Kamera Isiyowaka

Kamera ya dijitali ikikataa kuwaka, watu wengi husema neno moja tu: "Betri imekufa." Mara nyingi sivyo. Betri ni nzima na imejaa, ila umeme wake haupati njia ya kuingia katika kamera. Ni mfano wa pipa lililojaa maji na bomba lake limeziba: mwenye nyumba hana maji, wala pipa halina kosa.

Basi kwanza tuijue njia yenyewe. Fungua mlango mdogo ulio chini ya kamera, utoe betri, uitazame. Utaona vibati vidogo vya rangi ya dhahabu. Kimoja kina alama ya +, na kimoja alama ya −. Vingine huipasha kamera habari za betri, kama vile joto lake. Ndani ya shimo la betri mna vyuma vyembamba vyenye kunesa, navyo huvigusa vibati hivyo. Umeme wote wa kamera hupita hapo, mahali padogo kama punje ya mchele. Kamera ya kwanza ya namna hii, aliyoiunda Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani mwaka 1975, ilitumia betri 16. Fikiri alikuwa na viungo vingapi vya kuangalia!

Labda utauliza, uchafu kidogo wawezaje kuizuia mashine nzima? Tufanye hesabu. Betri ndogo ya lithiamu hutoa kadiri ya volti 3.7. Tuseme uchafu umeleta kizuizi cha omu 1. Kamera ikiwa imetulia huvuta umeme kidogo, tuseme ampea 0.2, hapo hupotea volti 0.2 tu, nayo yafanya kazi vizuri. Lakini lenzi inapotoka nje, ikavuta ampea 1, hupotea volti 1 nzima, zikabaki 2.7. Kamera hudhani betri imekwisha, ikajizima. Ndiyo sababu huwaka vema mkononi, kisha ikazimika wakati ule ule wa kupiga picha. Kwa mtu apataye riziki yake kwa kupiga picha za arusi hilo si jambo dogo, maana bibi arusi haingii mlangoni mara mbili.

Ukiisha kuhakikisha kwamba betri imejaa na imewekwa sawasawa, utazame mlango wake. Katika kamera nyingi mlango ukifungwa hubonyeza swichi ndogo sana. Kipande cha plastiki kikivunjika hapo, kamera haiwaki hata kwa betri mpya. Kisha itikise kamera polepole. Ikiwaka na kuzimika, yamkini chuma kimoja kimelegea au kimepinda. Toa betri, ukiinue chuma hicho kwa kijiti cha mti, kidogo tu.

Vibati vilivyochafuka visuguliwe kwa kitambaa kikavu, au kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usitumie kisu wala msasa, kwa kuwa dhahabu ile ni ngozi nyembamba mno, nayo ikitoka kutu itaingia upesi.

Kamera zitumiazo betri za mviringo, kama zile za kurunzi, zina adui mwingine. Betri hizo zikiachwa ndani miezi mingi huvuja, zikaacha unga mweupe mfano wa magadi. Unga huo huunguza ngozi. Usiuguse kwa mkono mtupu. Tia tone la ndimu au siki katika pamba, upanguse. Utaona povu, maana ukali wa ndimu unapambana na ule wa magadi. Halafu upanguse tena kwa spiriti, ukaache mlango wazi mpaka pakauke kabisa.

Betri ya lithiamu isitiwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwani chuma kikiunganisha + na −, betri hupata moto na huweza kuwaka. Nayo iliyovimba isirudishwe ndani kwa nguvu, wala isitobolewe.

Yote hayo yakishindwa, mkato umo ndani, penye risasi ya kuunganishia nyaya. Hapo usiifungue kamera mwenyewe. Kidude kinachoweka umeme wa taa ya kumulika huweza kubaki na volti karibu 300 hata betri ikiwa imetolewa. Mpelekee fundi, ukamwambie yote uliyokwisha kuyajaribu, asije akakuuzia betri mpya bure.