Mtoto Akikohoa, Pumzi Zake Zihesabiwe

Ninyi mama na baba wa Kisangani, mnakijua kikohozi cha watoto. Hutoka nyumba hii kikaingia ile, hasa pale watoto wanapolala karibu na moshi wa jiko. Vikohozi vilivyo vingi ni mafua tu, nayo hupona yenyewe. Lakini kingine ni nimonia, na nimonia huua watoto wa chini ya miaka 5 kupita ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza.

Mwuguzi atazijuaje tofauti? Si kwa kelele ya kikohozi, wala kwa joto la mwili peke yake. Mtoto wa nimonia mapafu yake yameingia maji na usaha, hewa haipiti vema, basi anapumua upesi upesi ili apate ya kutosha. Mwaka 1984 daktari Frank Shann, aliyefanya kazi Papua New Guinea, alionyesha kwamba dalili hii yaweza kumwongoza mwuguzi asiye na mashine ya kupiga picha ya kifua. Shirika la Afya la Dunia likaweka kipimo. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 mpaka 12, ni 50. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40.

Nguo ya mtoto ifunuliwe, naye atulie mapajani mwa mama yake, asilie wala asinyonye. Kisha zihesabiwe kwa dakika nzima, maana pumzi za mtoto hazilingani. (Mimi napenda saa yenye mshale wa sekunde, simu hulia katikati ya hesabu.)

Kazi hiyo ni ya dakika moja, tena imeandikwa katika ordinogramu za vituo vyetu. Hata hivyo, katika nchi nyingi za Afrika, watu waliosimama kuangalia wauguzi kazini wameona watoto wengi wenye kikohozi wakirudi nyumbani bila kuhesabiwa. Sababu zipo. Wagonjwa wamejaa mlangoni. Kipimo cha damu kimeonyesha malaria, na mwuguzi anaishia hapo, kumbe mtoto aweza kuwa na malaria na nimonia pamoja. Tena kituo huishi kwa fedha za wagonjwa, na mzazi hafurahi akirudi mikono mitupu. Hivyo mwenye mafua anapewa antibiotiki isiyomfaa, na mwenye nimonia anapewa dawa ya homa tu.

Katika Tanzania, tangu 1997, wauguzi wa wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini walifundishwa kufuata mwongozo wa namna hii kwa magonjwa ya watoto. Walipolinganishwa na wa Kilombero na Ulanga, ilionekana wazi kwamba waliwapima na kuwatibu watoto vizuri zaidi. Vifo navyo vilikuwa pungufu kwa 13 kwa mia, ingawa wachunguzi hawakusema kwamba hesabu hiyo peke yake inatosha kuwa uthibitisho. Gharama haikuzidi.

Basi ukifika kituoni, kabla ya dawa, sema kwa adabu: “Tafadhali, mhesabie mtoto pumzi.” Usidai sindano. Tangu 2014 Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba hata mtoto aliyepita miezi 2, ambaye kifua chake kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, aweza kutibiwa kwa amoksisilini ya kunywa, ikiwa hana dalili za hatari. Umpe siku zote ulizoandikiwa, hata akianza kucheza siku ya pili.

Dalili za hatari ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki, au anakoroma akivuta pumzi ijapokuwa ametulia. Huyo, pamoja na mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua upesi au ambaye kifua chake kinabonyea sana, mpeleke hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.