Stata ya lori kuukuu la kijeshi: hatari isiyongoja injini iwake

Lori kuukuu la kijeshi laweza kusogea na kumkanyaga mtu hata kabla injini yake haijawaka. Chanzo cha hatari hiyo ni stata, mota ya umeme ambayo mafundi wengi katika nchi za eneo hili huiita selfu. Kazi yake ni kuizungusha injini mpaka iwake yenyewe, lakini ikiwa gia imeingia, nguvu hiyohiyo hufika kwenye magurudumu na kulisukuma gari zima.

Malori ya namna hii yana historia ndefu katika nchi jirani. Mwaka 1941, majeshi ya Uingereza na washirika wake, yakiwamo ya King's African Rifles, yalitoka Kenya, yakapita Somalia na kuelekea Ethiopia. Addis Ababa ilitwaliwa Aprili 6 mwaka huo. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 2,000 ilitegemea malori. Katika miaka ya vita, vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walijifunza udereva na ufundi jeshini, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zao za kazi. Vita vilipokwisha, malori ya jeshi yaliuzwa kwa raia katika sehemu nyingi za dunia. Yaliyosalia hutunzwa na wapenzi wa magari ya kale, na utunzaji huo hauwezi kukwepa stata.

Pedali isiyouliza

Katika GMC ya Marekani yenye magurudumu sita yanayovuta, iliyotengenezwa kwa mamia ya maelfu kati ya 1941 na 1945, stata huwashwa kwa pedali iliyo sakafuni. Mguu ukiikanyaga, jino la stata huingia kwenye meno ya flaiwili na umeme wa betri hufunguliwa kwa wakati mmoja. Hakuna ufunguo unaoizuia, wala kifaa cha kuhakikisha kuwa gia iko huru. Hata swichi ya injini ikiwa imezimwa, stata itazunguka.

Ndiyo maana ajali mbaya zaidi humpata fundi aliyelala chini ya gari. Swichi ikishindwa, wapo wanaounganisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi ili kuijaribu. Endapo gia imesahauliwa ndani, lori la tani kadhaa huruka mbele, na aliye baina ya magurudumu hana pa kukimbilia.

Kinga yake ni nyepesi. Gia iwekwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Breki peke yake haitoshi, kwa kuwa katika gari la umri huo huenda imechakaa. Stata ijaribiwe na mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva, na pasiwe na mtu mbele wala chini ya lori.

Umeme mdogo, moto mkubwa

Wengi hudhani kuwa betri ya volti 6 haina madhara. Ukweli ni kwamba, ili kupata nguvu ileile, volti 6 huhitaji mkondo mkubwa mara 4 kuliko volti 24 zinazotumiwa na malori ya kijeshi ya baadaye, kama vile M35 ya Marekani. Kwa hiyo nyaya za asili zilikuwa nene sana. Anayeweka nyaya nyembamba za gari dogo hujitafutia moto, kwani hupata joto na kuyeyusha ngozi yake.

Kabla ya kuigusa stata, betri itenganishwe, na utaratibu una maana yake. Waya unaokwenda kwenye chesi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Ukianza na ule mwingine, spana ikagusa chuma cha gari, cheche kubwa hutokea papo hapo. Gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri inapochajiwa yaweza kulipuka kwa cheche hiyo. Magari mengi ya zamani ya Uingereza yameunganisha upande chanya kwenye chesi, basi fundi aufuate waya kwa macho badala ya kuamini rangi yake. Pete na saa ya chuma zivuliwe, maana zikipitisha mkondo huo huunguza nyama hadi mfupani.

Stata yenyewe ni nzito. Ile ya injini kubwa ya dizeli yaweza kuzidi kilo 20, hivyo ishikiliwe kwa jeki au na mtu wa pili kabla nati ya mwisho haijafunguliwa. Wakati wa kuwasha, isizungushwe mfululizo kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 15 bila kupumzishwa dakika 1 au 2, la sivyo itaungua.

Mkono wa kuwashia

Betri ikiwa imekufa, baadhi ya malori haya huwashwa kwa kuzungusha chuma kilichochomekwa mbele ya injini. Moto wa plagi ukija mapema mno, chuma hicho hurudi nyuma kwa kasi. Majeraha yake yalikuwa mengi kiasi kwamba madaktari waliupa mvunjiko mmoja wa mfupa wa kigasha jina la udereva, na jina hilo linatumika hadi leo. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, na chuma kivutwe kwenda juu, kisisukumwe chini. Kikirudi, vidole vitafunguka na kukiachia.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji kifaa cha gharama. Magogo manne, spana moja na dakika chache za kukagua gia vyatosha kumrudisha fundi nyumbani salama.