Kilomita Nyingi na Umri wa Injini

Mlaji anayenunua gari lililotumika huanza kwa kutazama dashibodi. Akikuta kilomita 90,000 hufurahi. Akikuta 210,000 huondoka. Namba hiyo ina maana yake, lakini peke yake haionyeshi injini imebakiza nini, na mtu asiye mwaminifu huweza kuirudisha nyuma.

Injini ya petroli iliyotunzwa vema huweza kupita kilomita 300,000 bila kufumuliwa. Iliyonyimwa oili huweza kufa kabla ya kufika nusu ya hapo. Aina ya safari nayo ina uzito: katika foleni za Dar es Salaam injini hunguruma saa nzima ilhali gari limesogea kilomita chache, na kilomita hizo chache ndizo zinazoandikwa. Kwa hiyo gari la masafa marefu lenye kilomita 200,000 huweza kuwa na injini nzima kuliko teksi ya mjini yenye 120,000.

Kabla ya bei, ulizia kumbukumbu za matengenezo. Oili ya kawaida hubadilishwa takriban kila kilomita 5,000. Injini nyingi za Kijapani zenye mkanda wa taimingi huhitaji mkanda mpya kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika safarini, katika baadhi ya injini valvu hugonga pistoni, na gharama yake huweza kukaribia ya injini nyingine. Muuzaji asiye na ushahidi wa mkanda huo, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Fika asubuhi, injini ikiwa baridi, nawe uombe iwashwe mbele yako. (Injini uliyoikuta tayari imepashwa moto huficha mengi.) Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria kuwa imechanganyika na maji.

Kwa gari lililotoka Japani, linganisha dashibodi na kilomita zilizoandikwa katika hati yake ya usafirishaji. Kisha fundi uliyemchagua mwenyewe, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda. Muuzaji akikataa kipimo hicho, usilipe hata malipo ya awali.