Ngoma, Mikeka na Kasma ya Halmashauri

Anapotarajiwa mgeni mkubwa Utete, ngoma huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuandaliwa. Wachezaji huitwa kutoka vijijini, hucheza juani, na mgeni akishaondoka hurudi makwao na shukrani. Hatuoni ubaya wa kumlaki mgeni. Tunaloona ni ubaya ni kwamba mwenye kukodisha hema hulipwa kwa hati ya malipo, naye mpiga ngoma huambiwa kwamba amejitolea.

Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana iliundwa mwaka 1962. Lakini wizara ilikuwa Dar es Salaam, na ngoma zilikuwa Rufiji. Halmashauri, ambazo zingeweza kuziunganisha pande hizo mbili, zilivunjwa mwaka 1972, zikarudi kwa sheria ya mwaka 1982 na kuanza kazi upya mwaka 1984. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa. Vyombo basi vipo. Swali letu kwa waheshimiwa madiwani ni moja: afisa utamaduni ana kasma gani?

Tutazame mkeka wa Rufiji, ambao sifa zake zimevuka mipaka ya wilaya. Mwanamke hukata ukindu, huuanika, huuchana na kuuchemsha katika rangi. Husuka ukili pindi kwa pindi, kisha huzishona kili hadi mkeka utokee. Ni kazi ya siku nyingi, na bei yake hupangwa na mchuuzi apitaye. Pengine kwa kuwa mkeka haulii kama ngoma, wakubwa husahau kwamba nao ni sanaa, ingawa huukalia.

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, mwaka ambao mafuriko ya mto yalikumba mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Wasusi na wachezaji ngoma wanaweza kabisa kuwa walengwa wake. Kinachowazuia wengi ni usajili wa kikundi na andiko la mradi, mambo yanayotaka mtu wa kuwaelekeza.

Kwa wenzetu wa visiwa vya delta taabu ni zaidi. Tangu Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji, ofisi yao haiko tena Utete. Lakini mtu wa Salale au Maparoni bado hungoja maji yajae ndipo chombo kiondoke, na fomu ikikosa sahihi moja, safari huanza upya. Tunapendekeza kwamba halmashauri zote mbili, katika bajeti ijayo, zitenge nauli na mafuta ya boti, ili afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii wazipeleke fomu hizo visiwani wenyewe, wakae huko hadi vikundi viandikishwe, ndipo warudi.