Mwanafunzi wa staji akifika kazini, nani atamlinda?



Kila mwaka vijana wanafika kwa mlango wa kazi wakishika barua mkononi. Hao ni wanafunzi wa staji. Wengine wanatoka Univerisite ya Lubumbashi, wengine wanatoka masomo ya ufundi ya Likasi na ya Kolwezi. Mmoja anajifunza uenjenieri wa mgodi au wa mashini. Wa pili anajifunza kupima maji, hewa na udongo. Wa tatu anajifunza namna ya kupanga mji: njia, nyumba, mifereji na mahali pa masomo.

Staji ni nini? Ni kazi ya kujifunza. Mwanafunzi amesoma kwa kitabu, sasa anakuja kuona kwa macho na kushika kwa mikono. Yeye si mgeni wa kutembea saa moja na kurudi. Tena si mtumishi aliyezoea mahali. Yuko katikati. Hatari yake inatoka hapo: kila mtu anafikiri kwamba mwingine anamwangalia.

Wachunguzi wa Toronto, kule Kanada, walihesabu watu walioumia kazini. Waliona kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kazi ana hatari kupita mara tatu ya mtu aliyekaa zaidi ya mwaka mmoja. Sasa fikiri: staji nyingi zinadumu mwezi mmoja, miwili au mitatu. Basi mwanafunzi anafanya staji yake yote, au sehemu kubwa, ndani ya siku zile mbaya.

Kwa nini anaumia, naye ana akili ya kutosha? Kwanza, hajui mahali. Pili, anaona haya kuuliza. Tatu, anakufuata wewe. Ukivuka njia ya makamio bila kungoja, naye atavuka. Ukitia maski mfukoni, naye ataitia mfukoni. Mdomo wako unafundisha kidogo, mwili wako unafundisha sana.

MWANAFUNZI WA MGODI NA WA IZINI

Mwonyeshe hatari nne tangu siku ya kwanza.

1. Kamio kubwa ya karieri. Mwenye kuiendesha anakaa juu sana. Karibu na magurudumu yake, na nyuma, haoni mtu. Mwanafunzi asikaribie mpaka mwendeshaji amemwona na kusimamisha gari. Kama hamkuonana macho kwa macho, kwake wewe haupo.

2. Vumbi la mawe. Vumbi unaloliona si baya kupita yote. Baya kupita ni lile dogo ambalo macho hayaoni, maana linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na kukaa huko. Mawe mengi yana silika, na silika inaleta ugonjwa wa silikozi. Ugonjwa huo unakuja polepole, mara nyingi kisha miaka kumi na kupita, na hauna dawa ya kuuponya. Tena unafungulia kifua kikuu mlango. Kwa hiyo tunatoboa mawe na maji, tunamwagia njia maji, na tunavaa maski ya kweli yenye kushika uso pande zote. Kijana mwenye ndevu anyoe: maski haishiki juu ya ndevu, na vumbi linapita pembeni.

3. Makelele. Kama unapaswa kupaza sauti ili mtu aliye metre moja mbele yako asikie, jua kwamba makelele yamefika kiasi cha kuharibu masikio. Sikio lililokufa halifufuki. Mpe vya kuziba masikio, tena mwonyeshe namna ya kuvitia.

4. Asidi. Ndani ya izini tunatumia asidi sulfuriki kwa kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Sheria ni moja: asidi inatiwa ndani ya maji, maji hayatiwi kamwe ndani ya asidi, kwa sababu yatachemka na kuruka usoni. Ikimgusa mtu, mvue nguo mbio na kumwosha kwa maji mengi yanayopita, dakika 15 kwa uchache. Macho pia, yakiwa wazi. Kisha mlete kwa dispansere. Msipoteze wakati kwa kutafuta mafuta ya kupaka.

MWANAFUNZI WA KUPIMA MAJI NA HEWA

Huyu anatembea na machupa na daftari. Anachota maji ya mto, anaokota udongo wa njia, anauliza watu wanakunywa wapi. Watumishi wengine wanamwogopa. Wanasema: «Huyu ni mpelelezi, ataandika majina yetu.» Hapana. Anapima maji, hapimi mtu. Ukimdanganya mahali maji machafu yanapopita, hukumdanganya yeye. Umewadanganya watoto wako.

Sikilizeni mambo mawili yaliyopatikana kwetu kwa kupima namna hii.

Mwaka 2009, wachunguzi wa Univerisite ya Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Watu waliokaa chini ya kilometre 3 kutoka mgodi au izini ya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita wale wa mbali. Na watoto walizidi wakubwa. Kwa nini watoto? Kwa sababu wanacheza chini, kisha wanatia vidole mdomoni.

Mwaka 2018 walitangaza mambo ya Kasulo, kule Kolwezi. Mwaka 2014 watu wa Kasulo walivumbua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba ndani ya viwanja. Watoto waliokaa katikati ya mashimo yale walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi ya watoto wa mahali pengine.

Mama, neno hili ni lako. Nguo za kazi zikifika nyumbani, za baba au za mtoto wa staji, usizikung'ute ndani ya nyumba. Zifue peke yake, mbali na nguo za watoto. Futa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ukifagia kavu, vumbi linaruka. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Naye kijana wa staji aoge na kubadili nguo kabla ya kubeba mtoto mdogo.

MWANAFUNZI WA KUPANGA MJI

Wengine wanauliza: huyu wa kuchora mji anatafuta nini kwa mgodi? Jibu liko Lubumbashi. Izini ya kuyeyusha shaba ilianza kazi mwaka 1911. Wakati wa kiangazi upepo unatoka zaidi upande wa kusini-mashariki, basi moshi ulisukumwa upande wa kaskazini-magharibi miaka mingi. Udongo wa upande ule, kama Penga Penga, ulijaa shaba mpaka miti na majani vikafa. Wachunguzi wa univerisite walijaribu kupanda humo majani ya Katanga yanayovumilia shaba, wakitia chokaa na mbolea. Ni kazi ya taratibu na ya miaka. Kuharibu kulikuwa rahisi kupita kutengeneza.

Basi mwenye kupanga mji anapaswa kuuliza mapema: upepo unatoka wapi? Maji ya mvua yanashuka wapi? Makamio yatapita wapi? Watoto watacheza wapi? Leo kijana anaweka alama ndogo kwa ramani, kesho alama ile ni kisima au masomo. Mwambieni mnayoyajua. Mzee aliyekaa kwa kambi miaka 20 anajua mfereji unaofurika na njia yenye vumbi kupita nyingine zote. Hayo hayamo ndani ya kitabu.

YA KUFANYA KABLA YA KUANZA

— Wazazi, someni barua ya staji. Iandikwe ndani nani atalipa lopitali mtoto akiumia. Neno hilo linaulizwa kabla ya siku ya kwanza. Kisha ajali ni kuchelewa.

— Mwanafunzi apite kwa dispansere: tutasikiliza kifua, tutapima macho na masikio. Mwenye pumu aseme. Hatumfukuzi, tunamtafutia mahali pasipo vumbi.

— Apewe kaski, botini, maski na miwani vya kipimo chake. Botini kubwa mno inaangusha mtu.

— Shefu wa ekipi amchagulie mtumishi mmoja wa kumwongoza, anayejulikana kwa jina. «Sisi wote tunamwangalia» ni kusema hakuna anayemwangalia.

— Mwanafunzi, haki yako ni kuuliza na kusema: «Kazi hii sijaonyeshwa, sitaifanya bado.» Shefu mwema hatakasirika.

— Staji ikiisha, raporo isilale ndani ya meza. Mashefu, mwombeni aisome mbele ya ekipi, hata nusu saa. Kama amepata maji mabaya au vumbi nyingi, watu wanaokunywa na kupumua wasikie.

Kesho kijana huyu atakuwa enjenieri. Ataamua mashini gani inunuliwe, maji ya izini yaende wapi, nyumba za watumishi zijengwe upande gani wa upepo. Akijifunza leo kwako kwamba maski ni ya kutia mfukoni, atawaongoza hivyo watu mia. Akijifunza kwamba maisha ya mtu yanapita tani za shaba, hilo pia atalikumbuka. Mwanafunzi akifika kwako, mpe kaski yake, mpe jina la mwongozi wake, kisha mtembee naye pole pole.