Kabla ya Kusaini: Nani wa Kumwuliza Kuhusu Mkopo?

Mbagala, Manzese au Buguruni, siku ya rejesho haihitaji tangazo. Asubuhi akina mama wa kikundi hukusanyika uani kwa mwenyekiti, vitabu vya marejesho mikononi, na afisa mikopo huketi mezani akihesabu noti. Mmoja asipofika, hakuna anayeondoka. Wenzake humpigia simu, humfuata nyumbani, na akikosekana kabisa huchangishana kuziba pengo lake. Mikopo ya namna hii wamekwisha kuipa majina yao, kausha damu na mikopo umiza, na bado waombaji hawapungui.

Si kwamba hawajui kinachowangoja. Mama lishe aliyeishiwa mtaji Ijumaa hawezi kusubiri wiki tatu za benki inayotaka hati ya nyumba, wakati Jumatatu wateja wake watataka wali na maharage. Tatizo ni kwamba saa anapoamua, mshauri pekee aliye mbele yake ndiye anayemuuzia mkopo. Afisa mikopo ana malengo ya mwezi. Shoga yake anayemvuta kikundini anatafuta mtu wa tano ili kikundi kitimie. Jirani anayemwelekeza kwa mkopeshaji wa mtaani huenda naye ana chochote anachopata. Wote wanaweza kuwa watu wema kabisa, lakini hakuna kati yao anayeweza kumwambia, "Safari hii usikope." Kwa hiyo wa kumtafuta kwanza ni mtu ambaye hatapata senti mkopo ukitoka, wala hatapoteza kitu usipotoka: katibu wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini, dada aliyesomea uhasibu, mzee wa mtaa aliyekwisha kuumizwa na madeni na hana aibu kusimulia.

Mtu huyo akijua kazi yake, hataanza na asilimia. Atauliza mambo mawili tu: mkononi utapokea shilingi ngapi, na mpaka siku ya mwisho utakuwa umetoa shilingi ngapi?

Maswali hayo hufichua mengi. Tuseme mkopo unaitwa wa shilingi 200,000, wa mwezi mmoja. Kabla ya kutoka, ada ya fomu na "bima" ya shilingi 20,000 inakatwa hapo hapo, na mkopaji anaondoka na 180,000. Mwisho wa mwezi anatakiwa kurudisha 260,000. Mkopeshaji ataandika riba ya asilimia 30. Ukweli ni kwamba mkopaji amelipa 80,000 kwa kutumia 180,000, yaani zaidi ya asilimia 44 kwa mwezi mmoja. Wastani wa riba za mikopo ya benki Tanzania, kwa kulinganisha, umekuwa ukizungukia asilimia 15 kwa mwaka mzima.

Hata pale ambapo hakuna ada ya kificho, namna ya kupiga riba huweza kumla mtu bila yeye kujua. Mikopo miwili ya shilingi milioni 1, yote ya miezi 12, yote ya asilimia 3.5 kwa mwezi, inaweza kuwa na gharama tofauti kabisa. Katika ule wa kwanza riba hupigwa juu ya milioni nzima kila mwezi, hata baada ya mkopaji kurudisha nusu yake. Mwisho wa mwaka riba inafika 420,000. Katika ule wa pili riba hupigwa juu ya salio lililobaki tu, na mkopaji hulipa takriban 103,500 kila mwezi. Riba yote haizidi 242,000. Tofauti ni karibu shilingi 178,000, na kwenye mabango mikopo hiyo inafanana. Swali la kuuliza ni fupi: riba hii inapigwa juu ya mkopo wote au juu ya salio? Afisa anayekwepa swali hilo amekwisha kulijibu.

Sheria ipo, ingawa wengi hawaijui. Tanzania ilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, ikawagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwamo watu binafsi wanaokopesha. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA. Wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio wengi mtaani, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji anayetoza asilimia 20 au 30 kwa hiyo hana hoja ya "biashara huria" ya kujitetea nayo. Kabla ya kusaini, mkopaji ana haki ya kuomba kuona leseni, na kuondoka na nakala ya mkataba katika lugha anayoielewa. Nakala hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wake ugomvi ukizuka, na inashangaza ni wangapi wanaondoka bila hata kipande cha karatasi.

Upande wa mikopo ya simu mambo yamekwenda kasi kuliko sheria. Kenya ndiyo iliyofungua njia: huduma ya M-Shwari ilianza Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na Fuliza ikafuata Januari 2019, ikimruhusu mteja kulipa hata pale salio lake la M-Pesa halitoshi. Baada ya hizo zikamiminika programu za kila aina. Nyingi zilikuwa zikiomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na mkopaji alipochelewa siku mbili, mama mkwe, bosi na mchungaji walipokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Kanuni za Machi 2022 zikawalazimisha wakopeshaji wa kidijitali nchini humo kupata leseni ya Benki Kuu ya Kenya, zikakataza pia vitisho na kudhalilisha wadaiwa. Mwaka uliofuata Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ambao hawakuridhia.

Tanzania imepita njia hiyo hiyo. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Aliyesambaziwa picha yake mitandaoni na wadai wa namna hiyo ana pa kwenda: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda tume inayopokea malalamiko. Deni lake linabaki deni. Lakini kudaiwa hakumnyimi mtu haki ya kutochafuliwa jina mbele ya ukoo.

Watumishi wa umma wana mtego wao. Kwa kuwa mshahara wao ni wa uhakika, kila mkopeshaji anawataka, na kila baada ya miezi michache wanapigiwa simu ya "kuongezewa". Utaratibu wa utumishi unataka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili theluthi moja ibaki kwa ajili ya kuishi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema vivyo hivyo. Mwalimu aliyefika ukomo huo hukwama benki, na hapo ndipo mkopeshaji wa pembeni hujitokeza akitaka dhamana moja tu: kadi ya benki na namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Mwaka 2020 TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, mkoani Manyara ilishughulikia malalamiko ya wastaafu, walimu wakiwamo, waliokuwa wamenaswa na mikopo umiza ya aina hiyo, na baadhi yao wakarudishiwa fedha zao. Hakuna mshauri mwenye akili timamu atakayekubali mtu akabidhi namba ya siri, hata kama mkopeshaji ni binamu yake.

Je, aliyekwisha kuzama? Ushauri anaopewa kwa kawaida ni kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, ila haisemi alipe lipi kwanza, na hapo ndipo wengi hukosea. Watu humlipa anayepiga kelele zaidi. Mkopo wa simu wenye ujumbe mara tano kwa siku unatangulia, SACCOS iliyo kimya inasubiri, kumbe kimya hicho kinawagharimu wadhamini wawili ambao mishahara yao itakatwa mwezi ujao.

Mpangilio wenye maana huanza na daftari. Kila deni liandikwe: limebaki kiasi gani, linaongezeka kwa kasi gani kwa mwezi, na likiachwa kitachukuliwa nini. Madeni yanayoweza kumtoa mtu nyumbani au kumnyang'anya chombo cha kazi yanalindwa kwanza, hata kwa kulipa kile kiasi cha chini kinachotakiwa. Shilingi yoyote inayobaki inakwenda kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Mwenye deni la 300,000 la asilimia 20 kwa mwezi, akilipa riba tu ya 60,000 kila mwezi ili "asisumbuliwe", baada ya miezi mitano atakuwa ametoa 300,000, na bado anadaiwa 300,000 zile zile. Huyo akiuza friji na kufuta deni mara moja, amefanya biashara nzuri, hata kama majirani watacheka.

Kununuliwa deni, yaani taasisi nyingine kulipa deni la zamani na kufungua jipya, kunaweza kusaidia pale tu riba mpya ni ndogo kweli na muda haukurefushwa mno. Mara nyingi hutokea kinyume. Makato ya mwezi yanashuka, mkopaji anafurahi, miaka inaongezeka kutoka miwili hadi sita, na juu yake anapewa "kitu kidogo cha mkononi" ambacho nacho kina riba.

Hatua ambayo watu huiogopa, na ambayo mara nyingi hufanya kazi, ni kumwendea mkopeshaji kabla ya tarehe kupita. Benki na SACCOS zina utaratibu wa kupanga upya mkopo. Mwenye duka lililoungua akifika na barua, picha na pendekezo la kiasi anachoweza kulipa, husikilizwa kuliko aliyezima simu miezi mitatu. Apendekeze kiasi anachokiweza kweli; ahadi kubwa inayovunjwa wiki ya pili humharibia kuliko ukimya. Makubaliano yoyote yaandikwe.

Nyumba ikiwa ndiyo dhamana, kuna mambo ya kujua. Sheria ya Ardhi ya Tanzania inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na mkopaji akishindwa kulipa anatakiwa kupewa notisi ya siku 60 kabla ya mkopeshaji kuchukua hatua za kuuza. Siku hizo watu wengi huzipoteza kwa kulia na kuombewa, wakati zingetosha kutafuta mnunuzi wa hiari, ambaye bei yake kwa kawaida huwa nzuri kuliko ya mnada.

Msaada wa bure upo kuliko inavyodhaniwa. Malalamiko dhidi ya benki au mkopeshaji mwenye leseni huanzia kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Asiporidhika, mteja anayafikisha Benki Kuu, ambayo ina ofisi Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara, Dodoma na Zanzibar, mbali na Dar es Salaam. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kusoma mkataba na kueleza maana yake, na mashirika ya msaada wa kisheria kama LHRC na TAWLA yamefanya kazi hiyo kwa miaka. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye atembelewe, hasa na wale wanaotaka kukopa kwa ajili ya biashara. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya dosari kubainika katika ukaguzi, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Unahitaji kikundi na subira, lakini mkopo usio na riba unastahili kusubiriwa.

Kwa aliyebaki hana kitu kabisa, Kenya imekwenda mbali zaidi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inamruhusu mtu asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi za Kenya 100,000 na milioni 4, kuomba utaratibu maalumu. Akikubaliwa na akawa mkweli kwa mwaka mmoja, madeni mengi yanayohusika hufutwa. Wachache wanaufahamu, pengine kwa sababu hakuna anayepata kamisheni kwa kuutangaza.

Na siku deni linapoisha, kazi ya karatasi inabaki. Mkopaji adai barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza, arudishiwe hati au dhamana yake, na ahakikishe kwamba kumbukumbu zake kwenye kampuni za taarifa za mikopo zinasomeka kuwa amelipa. Nchini Kenya mtu ana haki ya nakala moja ya bure ya taarifa hizo kila mwaka. Dereva wa bodaboda aliyemaliza mkataba asiishie kuchukua ufunguo. Aende na mkopeshaji TRA (mamlaka ya mapato), kadi ya pikipiki ibadilishwe na kuandikwa jina lake.