Kutopendelea si Usawa: Istilahi za Utangazaji na Tamthilia za Siasa

Mfasiri anayeikabili sheria ya utangazaji ya Uingereza ya mwaka 2003 huvutwa upesi na neno usawa. Neno ni zuri, lakini hapa linapotosha. Sheria inamtaka mtangazaji asipendelee upande katika mambo ya siasa yenye ubishani, tena imeongeza sifa: kutopendelea huko kuwe kwa kadiri inayofaa mada na aina ya kipindi.

Tutazame mfano. Mwaka 1983 BBC ilimwagiza Ian Curteis aandike mchezo wa televisheni kuhusu vita vya Falklands vya mwaka 1982. Mwaka 1986 kazi ikasimamishwa. Shirika lilitaja uchaguzi mkuu uliokaribia. Mwandishi alidai kuwa alitakiwa kuongeza maneno ya kuwaonyesha mawaziri wakijali kura, naye akakataa. Mchezo wake ulimtazama Waziri Mkuu, Margaret Thatcher, kwa jicho la upole. Mwaka 1988 BBC hiyo hiyo ikaonyesha Tumbledown, mchezo wa Charles Wood, kuhusu askari aliyejeruhiwa katika vita hivyo na jinsi alivyotelekezwa baadaye. Wakosoaji wakauliza mbona mmoja umefungiwa kabatini na mwingine umeonyeshwa. Mchezo wa Curteis ulitangazwa mwaka 2002.

Usawa huleta picha ya mizani. Tukiutumia, mtunzi atadaiwa ampe kila mhusika mpinzani wa kumjibu, na tamthilia itageuka kumbukumbu za kikao. Yafaa ieleweke kwamba wajibu huu ni wa mtangazaji, si wa mtunzi. Ndiyo maana sheria yaruhusu vipindi vya mfululizo mmoja kupimwa kwa jumla. Sheria hiyo ni ya baadaye, lakini wajibu wenyewe BBC ilikuwa imekwisha kujifunga nao. Na swali la wakosoaji lilihusu uteuzi wa shirika, wala si mwelekeo wa mchezo mmoja.

Kutofungamana nako hakufai: kunanukia siasa za nchi za nje. Uadilifu ni mpana mno, kwani hata hakimu anayetoa hukumu dhidi ya upande mmoja ni mwadilifu. Tunapendekeza kutopendelea stahiki, ambapo stahiki hubeba ile sifa ya kadiri inayofaa. Bila hiyo, tamthilia ingepimwa kwa kipimo cha taarifa ya habari. Usawa tuuachie mambo yanayohesabika, kama dakika wanazopewa wagombea wawili katika mdahalo.